Madokezo Yanayorithika: Maandishi Matupu na Kumbukumbu za Mji Mkongwe

Mji Mkongwe wa Zanzibar una watu wengi wanaoandika kuliko vitabu vilivyochapwa juu yake. Mwongoza watalii ana daftari la tarehe za masultani. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, ana mahojiano aliyofanya na wazee wa mitaa ya Ng'ambo kwa ajili ya tasnifu yake. Mwalimu wa madrasa ana maelezo aliyoyaandika pembeni mwa kitabu cha fiqhi tangu ujana wake. Seremala anayetengeneza upya milango ya kuchonga ana vipimo na picha ndani ya simu. Wote hawa wanajua mambo ambayo huyapati dukani wala maktabani, na wengi wao wameyaweka pasipofikika: daftari lililoingiwa na mchwa na unyevu wa chumvi, kundi la WhatsApp, faili la Word ndani ya fleshi isiyofunguka, programu ya simu iliyopotea pamoja na simu yenyewe.

Basi swali ni hili: madokezo yawekwe vipi ili yatafutike upesi, yajuane yenyewe kwa yenyewe, na yaendelee kufaa baada ya aliyeyaandika kuondoka? Ninatetea jibu moja. Faili ndogo ndogo za maandishi matupu, zinazotajana kwa majina na kushughulikiwa kwa amri chache za kuandika, ndiyo njia inayoifaa zaidi Unguja ya leo. Zinaifaa kwa sababu ya umbo la Kiswahili, kwa sababu ya hali ya umeme na mtandao kisiwani, na kwa sababu ya urithi. Zina mipaka yake pia, na mipaka hiyo tutaipima.

Kuunganisha elimu hakukuanza na kompyuta

Fiqhi imesomeshwa Unguja kwa vitabu vya tabaka. Kuna matini fupi, kama Safinatun-Najah, ambayo mwanafunzi huihifadhi. Juu yake kuna sharhe inayoifafanua, na juu ya sharhe kuna hashiya, maelezo yanayoifafanua sharhe. Msomaji huvuka kutoka tabaka moja hadi jingine akifuata neno lile lile la matini. Huo ni mfumo wa viungo uliokamilika: kila maelezo yanajua yanaeleza nini, na kila aliyekuja baadaye ameongeza tabaka lake pasi na kuharibu la mwenzake.

Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1912, alifanya kazi ya namna hiyo kwa watu. Katika kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, mwanachuoni anaelezwa pamoja na waliomsomesha na aliowasomesha. Ukianza na habari za Sayyid Ahmad bin Sumeit utafika kwa Sheikh Abdalla Bakathir, na kutoka kwake utafika kwa wanafunzi waliokaa darasani kwake Ukutani. Nguvu ya kitabu hicho imo katika mafungamano ya majina hayo. Ukiyakata, kinachobaki ni orodha ya marehemu.

Wageni waliokusanya Kiswahili walipambana na jambo hilo hilo. Edward Steere aliwasili Unguja mwaka 1864, na kufikia 1870 alikuwa amechapisha kitabu cha sarufi na msamiati pamoja na mkusanyiko wa hadithi alizozichukua vinywani mwa wenyeji. Padri Charles Sacleux alifika pwani hii mwaka 1879. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka Paris mwaka 1939, takriban miongo minne baada ya yeye kurudi Ulaya. Neno lililokusanywa halijawa elimu mpaka lipate mahali pake kati ya maneno mengine, na kulipatia mahali kunaweza kula umri wa mtu. Ujerumani, mwanasosholojia Niklas Luhmann aliyefariki mwaka 1998 aliacha kadi zipatazo 90,000, kila moja ina namba yake na inataja namba za wenzake. Watu wengi wanaounganisha madokezo kwa kompyuta leo wanaiga kabati lake. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta mfano.

Faili, kiungo na amri

Faili la maandishi matupu ni faili lenye herufi peke yake. Halina rangi, halina ukubwa wa herufi, halina kitu kilichofichwa ndani. Linafunguka kwa programu yoyote ya maandishi, kwenye kompyuta mpya na ile kongwe iliyoachwa kona ya ofisi. Kiungo ni jina la faili jingine lililowekwa katika mabano mawili ya mraba. Amri ni maneno mafupi unayoyaandika kwenye ile skrini nyeusi ambayo watu wengi huiogopa bila sababu.

Tuchukue mfano wa mtu anayekusanya habari za Mji Mkongwe. Ana faili liitwalo kanisa-mkunazini.md:

    # Kanisa la Mkunazini
    Ujenzi ulianza 1873, mwaka ambao soko la watumwa
    lilifungwa kwa mkataba wa [[barghash]] na Waingereza.
    Msimamizi wa ujenzi: [[steere]].

Kando yake ana jingine, saa-ya-mkunazini.md:

    # Saa ya mnara wa Mkunazini
    Inasimuliwa kuwa [[barghash]] aliitoa zawadi kwa
    [[kanisa-mkunazini]], kwa sharti mnara usizidi
    urefu wa [[beit-el-ajaib]].
    chanzo: simulizi, itafutiwe hati

Habari ya saa imetengwa katika faili lake kwa sababu ina uzito tofauti. Mwaka wa kanisa unathibitika. Habari ya saa ni simulizi. Zikichanganywa katika aya moja, baada ya miaka mitatu hata mwandishi mwenyewe hatakumbuka lipi ni lipi. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ya kazi hii ni dokezo moja, jambo moja.

Sasa anataka kujua kila mahali alipomtaja Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Anaandika:

    grep -rlF "[[barghash]]" .

Jibu linakuja papo hapo: majina ya faili zote zenye kiungo hicho. Herufi r inapita folda zote, l inataja majina ya faili tu, na F inasema mabano yachukuliwe kama yalivyo. Kwa amri hiyo moja amepata viungo vya kurudi, yaani nani anamtaja nani, jambo ambalo programu nyingi hulitangaza kuwa ni sifa yao kuu. Faili la barghash linajua linawataja akina nani. Amri inamjulisha mkusanyaji faili zinazomtaja Barghash: hamamu ya Hamamni, jumba la Beit el Ajaib la mwaka 1883, na dada yake Sayyida Salme, aliyekuwa mwandishi wa barua za upande wake katika uasi wa mwaka 1859.

Madokezo yakishatajana, yanaanza kuhojiana. Mkusanyaji akifungua faili la steere ataona Steere alifariki mwaka 1882. Akifungua la beit-el-ajaib ataona jumba lilijengwa 1883. Basi sharti la urefu wa mnara lilikubaliwa na nani, na wakati huo jumba lilikuwa limefikia wapi? Simulizi haijawa uongo kwa hilo. Huenda ujenzi wa jumba ulikuwa umepangwa tayari, au sharti liliwekwa baadaye na mtu mwingine. Lakini sasa kuna swali la kwenda nalo Nyaraka za Taifa pale Kilimani, na swali hilo limetokana na faili tatu ndogo zilizokutanishwa.

Amri nyingine mbili zinastahili kujulikana. Ya kwanza inaorodhesha madokezo yasiyo na mstari wa chanzo:

    grep -L "^chanzo:" *.md

Ya pili inahesabu viungo vyote na kuvipanga kuanzia kinachotajwa zaidi:

    grep -oh "\[\[[^]]*\]\]" *.md | sort | uniq -c | sort -rn

Orodha hiyo inamwonesha mtu kiini cha utafiti wake kilipo. Pia inafichua majina yaliyotajwa mara nyingi ilhali faili zake hazijaandikwa, na hapo ndipo penye kazi ya kesho.

Kiswahili kinavyopendelea njia hii

Hili halisemwi vya kutosha. Mitambo mingi ya kutafuta huligawa andiko kwa maneno mazima. Kwa Kiingereza, ambacho sehemu kubwa ya mabadiliko ya neno hutokea mwishoni, hilo halileti taabu sana. Kiswahili hubadilika mbele, nyuma na hata katikati. Anayetafuta «jenga» kwa neno zima hataona alijenga, ilijengwa, wajenzi, ujenzi wala majengo. Amri ya grep haijali neno linaanzia wapi, inatafuta mfuatano wa herufi popote ulipo. Kwa hiyo:

    grep -ri "jen[gz]" .

itayaleta yote hayo kwa pamoja, herufi i ikiondoa tofauti ya herufi kubwa na ndogo, kwa kuwa shina lina g katika jengo na z katika mjenzi. Vivyo hivyo «[kv]isima» hupata kisima na visima, na «mi?lango», amri ikipewa herufi E, hupata mlango na milango. Anayeijua ngeli ameshajua nusu ya kutafuta. Elimu ya sarufi aliyoipata skuli inageuka kuwa ufundi wa kompyuta.

Majina ya kihistoria nayo yana tahajia nyingi. Kuna Barghash na Bargash, Beit na Bait, el na al. Ruwaza «bargh?ash», kwa herufi E na i, inashika mbili za kwanza kwa mara moja. Kuna pia mtego mdogo unaowasumbua wengi bila wao kujua: kile kialama cha ng'. Kibodi ya simu au Word mara nyingi huweka kialama kilichopinda, na kibodi ya kawaida huweka kilichonyooka. Kwa macho ni kimoja. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti. Aliyeandika Ng'ambo kwa namna moja na kuitafuta kwa namna nyingine ataambiwa haipo. Ruwaza «Ng.?ambo», kwa herufi E hiyo hiyo, inapata zote mbili, na hata Ngambo ya wale wasioweka kialama. Bora zaidi ni kuchagua kialama kimoja tangu mwanzo na kukishika.

Umeme, mtandao na nani mwenye mali

Umeme wa Unguja hupita chini ya bahari kutoka bara hadi Fumba. Kabeli iliposhindwa mwaka 2008, kisiwa kilikaa gizani kuanzia Mei hadi Juni. Ikashindwa tena Disemba 2009, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Kabeli mpya ilizinduliwa mwaka 2013, lakini waliopita miezi ile wanajua maana ya kutegemea waya mmoja. Mtandao una waya zake pia. Tarehe 12 Mei 2024 kabeli za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Aliyeweka madokezo yake yote kwenye seva ya mbali siku hiyo hakuwa nayo.

Faili za maandishi matupu hukaa kwako. Ukurasa wa maneno 300 ya Kiswahili ni kilobaiti mbili hivi. Madokezo 10,000 ya kiasi hicho ni megabaiti 20 tu. Fleshi ya bei ndogo inayabeba yote pamoja na nakala rudufu, na kompyuta dhaifu inayapekua kwa muda mfupi hata ikitumia betri.

Kisha kuna suala la mwenye mali. Mwishoni mwa 2023, Evernote, programu maarufu ya madokezo duniani, iliwawekea watumiaji wasiolipa kikomo cha madokezo 50. Kampuni ina haki ya kupanga bei yake. Mwandishi naye ana haki ya kutoiweka kazi ya maisha yake chini ya bei hiyo. Amri ya grep iliandikwa na Ken Thompson na kutoka mwaka 1973, na bado inafanya kazi ile ile. Mfumo wa herufi wa UTF-8, unaobeba hati za lugha karibu zote zinazoandikwa, ulibuniwa na Thompson huyo pamoja na Rob Pike mwaka 1992. Vifaa vilivyodumu hivyo vinatupa sababu ya kuamini kuwa faili la leo litasomeka na wajukuu.

Kwa historia ya mabadiliko kuna Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Inaweka kumbukumbu ya kila badiliko unalolihifadhi kwayo, tarehe yake na aliyelifanya, bila kuhitaji mtandao. Mwanafunzi akiongeza juu ya kazi ya mwalimu wake, tabaka la kila mmoja linabaki likionekana, kama zilivyobaki matini, sharhe na hashiya.

Mipaka ya njia hii

Njia hii ina mapungufu yanayoumiza hasa hapa kwetu. Kubwa ni hati ya Kiarabu. Sehemu muhimu ya kumbukumbu za Unguja, kama barua, hati za wakfu na tungo za Kiswahili, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. UTF-8 inazihifadhi vizuri, na grep inazipata, lakini madirisha mengi ya amri bado hayazioneshi sawasawa: herufi huachana, au mstari huanza upande usio wake. Kwa sasa la busara ni kuandika kwa Kiarabu kwenye programu ya kawaida ya kuhariri, na kuweka katika faili lile lile mstari wa herufi za Kilatini wa kutafutia.

Picha na sauti ni tatizo la pili. Maandishi matupu hayabebi umbo la mlango wala sauti ya bibi wa Makunduchi akisimulia sherehe za Mwaka Kogwa. Yanachoweza ni kuitaja picha au rekodi kwa jina lake, kueleza ilipo na kilichomo. Hilo si dogo, kwa kuwa rekodi isiyo na maelezo haitafutiki kabisa. Lakini sauti ya mzee ni amana. Aliyepewa habari kwa siri asiiweke kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Git eti kwa sababu ni rahisi.

La tatu ni simu. Kwa vijana wengi, simu ndiyo kompyuta pekee. Programu ya Termux huleta dirisha la amri kwenye Android, na grep na Git hufanya kazi humo, ila kuandika mabano na alama kwa kidole gumba kunachosha. Kwa mtu huyo, programu kama Obsidian, ambayo huhifadhi madokezo kama faili hizo hizo za maandishi, ni daraja zuri. Anaitumia anapoihitaji, akiiacha, faili zinabaki zake.

La nne ni Kiingereza cha amri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, na hiyo ilionesha kuwa kompyuta inaweza kuzungumza lugha yetu. Dirisha la amri linatupa uhuru wa kulifanya hilo sisi wenyewe, leo, kwa mstari mmoja:

    alias tafuta='grep -rli'

Kuanzia hapo mtu anaandika «tafuta wakfu .» na kupata jibu. Mwalimu wa skuli anaweza kuwaandalia wanafunzi wake amri kumi za namna hiyo katika faili moja, wasihitaji kujua kilichomo nyuma yake mpaka watakapotaka.

La mwisho ni hatari ya amri zenyewe. Amri ya sed inayobadilisha jina la kiungo katika faili zote kwa mara moja ni neema, kwa sababu kulibadilisha jina la faili huvunja kila kiungo kinacholielekea. Ikiandikwa vibaya inaharibu mamia ya madokezo kabla hujaondoa mkono kwenye kibodi. Hifadhi kwanza kwa Git, kisha badilisha.

Kazi isiyofanywa na amri

Vifaa hivi havitamfikiria mtu. Mwandishi anayeunganisha kila neno na kila neno hupata msongamano usiomwambia kitu. Kiungo chenye thamani ni kile kinachojibu kwa nini: Barghash anaunganishwa na Mkunazini kwa sababu ya mkataba na kwa sababu ya saa, na sababu hizo mbili hazina uthibitisho sawa. Mwandishi anapaswa kuieleza sababu hiyo kwa sentensi, kutaja chanzo, na kulipa faili jina ambalo mtu mwingine angelibuni. Jina kama «mpya2» ni dokezo lililozikwa siku lilipoandikwa.

Haja ya nidhamu hiyo ilionekana wazi tarehe 25 Disemba 2020, pale sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili. Jumba likianguka, linalobaki la kulijengea upya ni vipimo, picha, hesabu za mafundi na kumbukumbu za waliolihudumia. Mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000 una nyumba nyingi nyingine zinazozeeka, na habari zake zimetawanyika mikononi mwa watu wasiojuana. Mamlaka ya Mji Mkongwe, idara za historia na Kiswahili za SUZA, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lililotupatia Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, zote zina watu wanaokusanya. Wakikubaliana mambo matatu tu, yaani faili la maandishi matupu, mstari wa chanzo, na namna moja ya kuandika kiungo, madokezo yao yataweza kuwekwa katika folda moja na kusomana bila mradi mkubwa wala fedha za mfadhili.

Mtu mmoja mmoja hana haja ya kuwasubiri. Aanze na mambo kumi anayoyajua ambayo hajayaona kitabuni, kila moja katika faili lake, kila faili na chanzo chake. Kisha ajipime hivi: azime mtandao, ampe fleshi yake mtu asiyewahi kufanya naye kazi, na amwombe atafute jibu la swali moja. Mtu huyo akilipata, na akaweza kusema limetoka kwa nani, madokezo hayo yamekwisha kuwa mali ya Unguja. Akishindwa, bado ni siri ya mtu mmoja, hata yawe mengi na mazuri kiasi gani.